Siku ya Kumwachia

Mbaraka alipokatazwa kukoroma, alijua siku zake za kukaa na Ndagala zinakaribia kwisha.

"Mtu anazuiaje kukoroma, mama shefu?" aliuliza. "Nikishalala, mimi sina habari."

"Basi kakoromee kwenye nyumba kubwa, pamoja na wenzako," alijibu Speciosa, mkuu wa kituo. "Sauti yako inamfunga. Atazoeaje msitu?"

Kituo hicho cha tembo yatima kilikuwa mlimani juu ya mji wa Rumonge, pale michikichi inapoishia na msitu unapoanza. Ndagala alifikishwa hapo kwa lori, mtoto wa tembo aliyekonda hata wafanyakazi wakampa jina la kile kisamaki cha ziwani. Wiki hiyohiyo Mbaraka alikuwa amemzika mke wake, Aziza. Aliiacha mashine yake ya kukamua mawese mjini, akapanda mlima kuomba kazi yoyote isiyo na watu. Wakamkabidhi chupa ya maziwa na blanketi. Tangu hapo mtu na tembo walilala pamoja, mkonga shingoni, na Mbaraka hakushuka tena Rumonge, hata siku ya Idi.

Sasa Ndagala alikuwa amekua, na Speciosa alisema ni wakati wa kuachishwa, kidogo kidogo. Kwanza chupa akapewa Benedicte, mfanyakazi mpya kutoka Uvira. Halafu blanketi likachukuliwa. Kisha zikaja amri ambazo Mbaraka hakuwahi kuzisikia popote.

Alitakiwa kula mezani na wengine, karibu na dirisha.

"Akikuona unakula peke yako, atafikiri viumbe wanaishi hivyo," alisema Benedicte, akimsogezea ugali na samaki wa mukeke wa kuchoma. "Tembo ni munyama wa kundi, papa. Umuonyeshe mufano."

Basi akala. Jioni akacheza karata, akipiga kelele kila aliposhinda, kwa faida ya tembo. Aliagizwa kumsalimia kila apitaye, naye akatoa amahoro mpaka kwa watu waliokuwa wamempa mgongo. Ijumaa moja wakamtaka avae kanzu safi azunguke uwanjani, eti Ndagala azoee rangi nyeupe.

Alitii yote, kwa uchungu. Aliona wazi kwamba Ndagala hayuko tayari. Kila jioni alitoka msituni amechoka, tope la kijito cha mbali limemkaukia magotini. Alikunywa maziwa kama mgeni anayekunywa chai asiyoitaka, kisha akasimama tu, akimtazama Mbaraka. Asubuhi banda lilikuwa tupu.

"Tumemtoa mapema kwenda mazoezini," Speciosa alimwambia, macho yake yakiwa kwingine.

Siku moja Mbaraka alimsikia mkuu huyo akiongea kwenye simu nyuma ya stoo.

"Anakula vizuri sasa... Hapana, halii tena, labda alfajiri kidogo. Jana amecheza na wenzake mpaka giza likaingia... Wale wako tayari kumpokea? Sawa. Tumwachie kabla ya mvua."

Mbaraka alijibanza ukutani. Alingoja simu ikatwe, akamwendea.

"Mama shefu, umuongezee muda kidogo. Huyu bado ni mutoto. Akiamka peke yake, nani atamuambia kumekucha?"

Speciosa alimshika bega. "Kila anayeondoka hapa anaonekana bado, papa."

Siku yenyewe ilipofika, ajabu, Ndagala alikuwapo asubuhi. Alisimama langoni, akamwekea Mbaraka mkonga shingoni, akaushusha taratibu, akageukia msituni. Mbaraka akaanza kulia.

"Twende kwanza sokoni," Speciosa alisema upesi. "Tukanunue ndizi za kuagana. Wewe ndiye unajua zile anapenda."

Speciosa mwenyewe aliendesha lori. Mbaraka alibanwa katikati yake na Benedicte mpaka Rumonge, ambako harufu ya mawese na samaki wakavu ilimpiga puani. Benedicte akashuka, akampisha, kisha akapanda tena na kufunga mlango.

Mbaraka alisimama pale barabarani kama aliyesahau kutembea. Pikipiki zilimpigia honi. Alipogeuka kulitazama lori, wanawake wale walikuwa wameinama chini ya kioo, nywele tu zinaonekana.

"Mbaraka!"

Alikuwa Asmani, waliyekamua naye mawese miaka mingi, amekaa juu ya dumu tupu pamoja na wanaume wengine.

"Kuja ukae! Tunakungoja tangu asubuhi."

Mbaraka alisogea, akasita, akasogea tena. Hakuna aliyeinuka, hakuna aliyenyoosha mkono. Asmani alisukuma dumu moja kwa mguu, polepole, likamfikia. Mbaraka akakaa. Mwanamume wa kando yake akamnusa begani.

"Unanuka tembo," akasema.

Wakacheka wote, na Mbaraka akajisikia anacheka nao.

Ndipo aliposikia lori likiunguruma. Mkeka wake na mfuko wa nguo zake vilikuwa vimewekwa kando ya barabara, na lori lilishaanza kugeuza kuelekea mlimani. Alilikimbilia.

"Mama shefu! Na Ndagala je? Nani atamwachia Ndagala?"

Benedicte alitoa kichwa dirishani, machozi yanamchuruzika. "Ndagala iko na kundi lake tangu mwaka jana, papa! Anakujaga jioni tu, kukuangalia wewe!"

"Usimsemeshe," Speciosa alisema, akikanyaga mafuta. "Atatufuata."