Kisu cha Kumenyea Ndizi

Mama mkwe alimwekea Tusekile kisu kipya mapajani, kimefungwa kwa jani la mgomba.

"Cha kumenyea ndizi hicho. Mzee kakaa wiki nzima anachonga mpini. Mimi nikiomba kuni tu, mgongo unamuuma!"

Tusekile hakucheka. Pale Kyimo wapo wazee ambao bado wanashika mila ya Kinyakyusa: baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani. Mzee akikohoa njiani, yeye hukimbilia nyuma ya nyumba. Lakini miaka miwili bila hata salamu ilimfanya aamini kuwa hapendwi, na juzi alimwomba mumewe wahamie Mbeya.

Akachukua ndizi mbichi, akaanza kumenya.

Kisu kikapita chini ya ganda kama kinaijua njia. Mpini wa mpera ulikuwa laini kama shavu la mtoto, una kishimo cha kidole gumba, na kidole kikalala humo chenyewe. Akajaribu kukihamishia mkono wa kulia. Kikamkataa, kishimo kikabaki upande usio na kidole.

"Mama, ulimwambia mzee kwamba natumia kushoto?"

"Mimi? Sijasema neno!" Mama mkwe akaangua kicheko mpaka kanga ikamdondoka begani. "Miaka arobaini niko naye, hajui hata mimi natumia mkono gani! Na wewe anajidai hakuoni!"

Tusekile akainama. Akamenya ndizi nyingine, na nyingine tena, ingawa za mchana zilishatosha.