Mgongo wa Nyumba ya Ombati

Daktari wa kwanza alikataliwa kwa sababu ya Jumamosi.

"Mzungu huyo wa Nairobi hupasua watu hata siku ya Sabato," alisema Mzee Joash, mzee wa kanisa, huku akiweka kofia yake gotini. "Halafu kwao ni wapi? Akikosea tutaenda kumlalamikia mama gani?"

Ombati akatikisa kichwa kwa uchungu. Hapo Kebirigo, miaka ile ya sabini, kila mtu alijua kwamba Ombati si mtu wa kukurupuka. Akinunua mtamba, huuliza kwanza habari za nyanya yake. Sasa iwe mgongo?

Na mgongo wenyewe haukuwa wa kuchezea. Ndio uliobeba mawe ya msingi wa nyumba ile, ndio uliosomesha watoto, ndio ulioifanya chai ya Ombati isifiwe mpaka Nyamira. Tangu mvua zianze, ulikuwa umegoma. Kuinama vita, kuinuka vita vingine. Chai ilikuwa ikikomaa shambani hivi hivi, na Ombati, tuseme ukweli, aliogopa. Mgongo ule ukikatika, nyumba imekwisha.

"Wiki hii sijafumba jicho," aliwaambia wageni wake. "Usiku kucha ni mgongo tu."

"Pole, ndugu yangu."

"Mgongo huu niliutolea ng'ombe, Mzee Joash. Ng'ombe wa maana, si vijindama. Siwezi kuukabidhi kwa mtu nisiyemjua ukoo."

Hilo hakuna aliyelibishia. Ng'ombe ni ng'ombe.

Bonareri, mkewe, aliingia na birika la chai. Badala ya kuliweka mezani, kwenye ile meza ya chini mbele ya wageni, aliliegesha dirishani, akasimama hapo hapo ameshika ukuta. Ombati alimtupia jicho. Wanawake wa siku hizi, hata kumimina chai wanaona kazi. Akainuka akamimina mwenyewe, na kofia ya Mzee Joash ilipodondoka, akaiokota pia na kuipangusa vumbi.

Mogire, mdogo wake Ombati, akakohoa. Aliwahi kuwa askari wa geti katika hospitali moja Nairobi, na tangu siku hizo hujihesabu mtu wa matibabu.

"Kaka, yuko Daktari Ogada. Amesomea uti wa mgongo Ulaya, hana kazi nyingine ila hiyo. Leo yuko Kisii mjini, anaona wagonjwa mpaka jioni. Kesho anarudi Nairobi."

"Ogada wa wapi?"

"Wa kule ziwani."

Mzee Joash akatazama sakafu. Ombati akaweka kikombe chini.

"Kwao hawatahiri," alisema polepole.

"Na hilo linahusianaje na mgongo, kaka?"

"Linahusiana sana. Mtu ambaye kisu hakijamgusa, atajuaje kisu kinauma wapi? Ulaya walimfundisha kukata, Mogire. Hawakumfundisha kukatwa."

Mzee Joash akasema hilo ni neno, akaomba sukari zaidi.

"Anaonea wapi wagonjwa?" Bonareri aliuliza kutoka pale dirishani.

"Nyuma ya posta, nyumba ya mabati mekundu," Mogire akamjibu bila kugeuka.

"Anaona mtu yeyote?"

"Yeyote afikaye."

"Baba Bitutu, mimi nilikuwa naona..."

"Mama Bitutu, tuachie," Ombati akamkatiza. "Hapa tunachagua daktari, hatuchagui mboga."

Bonareri akatoka taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta mpaka mlangoni.

Basi akabaki Ogari wa Marani. Huyu alikuwa omobari, yaani fundi wa jadi wa kufungua mafuvu ya watu wenye maumivu ya kichwa yasiyokoma, kama alivyofanya baba yake na babu yake. Mgongo hakuwahi kuugusa. Lakini Ombati alipomuuliza sokoni, alijibu bila kusita kwamba uti wa mgongo ni mkia wa kichwa tu, na anayemjua ng'ombe hapotezwi na mkia.

Zaidi ya hayo, sifa zote alikuwa nazo. Alitahiriwa mwaka mmoja na Ombati. Jumamosi hakufanya kazi, na siku nyingine pia ni mara chache. Na akikosea, mama yake yu hai, boma lake linajulikana, mtu anakwenda tu akalalamike.

"Huyo sasa ni daktari," alisema Mzee Joash.

Hata hivyo hawakuharakisha, maana haraka haraka haina baraka. Walijadili kisu chake kinolewe na nani. Walijadili kama apewe uji kabla ya kazi au baada. Mogire alijaribu kumrudisha Ogada mara mbili, akaambiwa amezoea mno mageti ya wenyewe. Jua lilipoanza kuinama, Mzee Joash alifunga kwa sala ndefu, akimshukuru Mungu kwa kuwapa wanaume hekima.

Ombati akasema amina. Alijisikia mwepesi. Siku nyingi hizi alikuwa amebeba mzigo huu peke yake, na sasa alitamani hata kulia kwa furaha. Akaruka kizingiti, akasimama uani, akanyoosha mikono juu mpaka mifupa ikalia vizuri.

"Bonareri!" aliita. "Njoo uambiwe nani atakupasua!"

Basi la Kisii lilikuwa limeshapita, na Bonareri yumo ndani. Kando ya mlango kilisimama kikapu chake cha kuchumia chai, kitupu, mikanda imefunguliwa na kufungwa upya kwa kipimo cha mabega ya mwanamume.