Kibwe Wetu

Tangu majina ya michezo ya simu yawe na wenyewe, kuandika kijitabu cha hadithi ya mchezo unaoupenda ni kosa. Anayekuchongea huachiwa acheze bure.

Mimi niliandika cha Ngome ya Chumvi, nakala mbili tu: moja ya mume wangu Shomari, moja ya wifi yangu Tunu. Na kwa kuwa siku hizi simwamini mtu, mlinzi wa mlango wa nyuma, ambaye mchezoni hana jina, nilimpa la kutunga mwenyewe. Kwenye nakala ya Tunu anaitwa Kidoto, kwenye ya Shomari anaitwa Kibwe.

Leo tunakunywa chai, simu yangu ikasema kwa sauti nyororo, "Bi Zamda, umemtumia Kibwe wetu bila ruhusa. Ukirudia, tunakufungia simu."

Kibwe wao tangu lini? Jina nimelitunga mimi, juzi, nikimenya viazi.

Tunu akacheka. "Kibwe ndiye nani, wifi? Umeshapata mume wa pili?"

"Muulize kaka yako."

Shomari hakuinua macho. "Wamejuaje hawa?" akasema, huku anakoroga chai yake isiyo na sukari.

Nimeanza kijitabu kingine, nakala moja, ya Shomari peke yake. Humo mlinzi anaitwa Shomari. Tuone jina hilo litabaki la nani.