Mgeni wa Futi na Daftari

Mgeni alipiga magoti nyuma ya magunia ya unga, akamulika tochi chini ya chaga za mbao, akavuta futi yake hadi ukutani na kuandika kitu kwenye daftari. Msimamizi wa ghala alikuwa akimchungulia kupitia dirisha la ofisi, chai ikimpoa mkononi. Hiyo ilikuwa siku ya tatu.

Hakuwahi kumwuliza kazi yake. Ya nini? Tangazo lilikuwa ubaoni tangu wiki iliyopita, na saini ya bosi chini yake: atakuja mtaalamu wa kuangalia jinsi mizigo inavyoingia na kutoka, naye ndiye atakayesema ghala linahitaji watu wangapi. Kisha mlinzi akamleta huyu. "Katumwa na bosi. Aachwe apite popote." Mwenye macho haambiwi tazama.

Tangu hapo ghala liligeuka. Wapakiaji waliozoea kuburuta miguu walipishana mbiombio. Magari yaliyokuwa yakiondoka saa nne na nusu sasa yaliondoka saa mbili. Msimamizi mwenyewe, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akifanya kazi kwa kidole cha shahada, alionekana akibeba katoni za sabuni, akihema na kutabasamu kila mgeni alipogeuka.

Mgeni hakutabasamu. Kimya kingi kina mshindo, na huyu alikuwa na kimya cha kutosha ghala zima. Alipofungua mdomo, ilikuwa ni kuuliza.

"Huu unga hukaa hapa siku ngapi?"

"Mbili. Tatu zikizidi." Ulikuwa na mwezi.

"Na kule kona ya nyuma, nani anakula?"

Msimamizi akageukia kona hiyo. Kule alikula shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe alimwingiza kazini miaka miwili iliyopita bila kumwuliza mtu. Shemeji alipakia gari moja asubuhi, akala, akajilaza juu ya magunia matupu mpaka saa ya kutoka. Wenzake walimwita Meneja.

"Ni mpakiaji mmoja tu," alisema. "Hupumzika kidogo."

Mgeni akaandika mstari mzima.

Mtu anayeandika mstari mzima kwa jibu la maneno sita hakutakii mema. Hivyo ndivyo msimamizi alivyoona. Ripoti ikimfikia bosi, swali la kwanza litakuwa nani alimwajiri mtu wa kulala. Watafukuzwa wote wawili, nyumba moja, siku moja. Aliogopa, na kesho yake asubuhi hofu hiyo ikampandisha ngazi hadi ofisini kwa bosi.

"Nimekagua watu wangu, bosi. Kule nyuma kuna mmoja wa ziada. Ni shemeji yangu, lakini kazi ni kazi."

Bosi aliweka kalamu chini. "Hata ripoti sijaiona, wewe umeshaleta jina?"

"Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Bosi akacheka, akamsifu, akavuta karatasi.

Shemeji alipewa barua Ijumaa mchana. Hakugomba na mtu. Alikunja fulana yake ya kazi, akamkabidhi mlinzi, kisha akamfuata msimamizi langoni na kumpa mkono.

"Usijilaumu, shemeji. Najua umenipigania mpaka umechoka. Dada nitamwambia hivyohivyo."

Msimamizi aliona aibu, ile ya kweli inayochoma masikio, na akashindwa kumtazama yule mtu usoni. Lakini alipokuwa akirudi ofisini alijiambia bora aende mmoja kuliko kwenda wawili, na kufikia saa kumi alikuwa karibu ameamini.

Saa kumi hiyo mgeni akabisha hodi. Msimamizi alimvutia kiti na kummiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Yule wa kona ya nyuma nimeshamwondoa," alisema upesi, kabla hajaulizwa. "Leo hii. Andika na hilo."

Mgeni alimtazama kama anayemsikiliza mtu wa homa. Akafungua daftari, akachana karatasi moja, akaisukuma mezani pamoja na kalamu.

"Hayo ya watu wako mimi siyajui. Saini hapa tu, kwamba kesho na keshokutwa hakuna atakayeingia ghalani, natega dawa ya panya. Bosi anataka pawe safi kabla yule mtaalamu wa mizigo hajafika Jumatatu."