Ukuta wenye Matundu

Afisa wa wanyamapori alikuja na barua ya kulifunga shimo la udongo la Nyamizi, mfyatua matofali.

"Mama, ndege wametaga kwenye matundu ya ukuta huu wa shimo. Jembe lako litawamaliza."

"Ukuta huu nimeuchonga mimi, bwana, wao wakanifuata. Tazama ule niliouacha mwaka juzi. Umeporomoka, umeota majani, hauna hata tundu moja. Wakitaga huku, mimi nachimba kule. Makinda wakisharuka, tunabadilishana."

"Mmeandikishana?"

"Kalamu unayo wewe, bwana."

Afisa akacheka. Akaigeuza barua, akaandika nyuma yake huku akisema kwa sauti, "Achimbe upande usio na mayai."

Nyamizi alishusha pumzi, akakaza kanga kiunoni, akashika jembe. Kule ukutani ndege mmoja akatoka tunduni kinyumenyume, akitimua udongo kwa miguu.