Mashua ya Ijumaa

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Anwar aliikamata mashua ya kijani, akaisogeza kushoto, akakunja uso. Bado ilionekana imebandikwa. Akaizamisha kidogo majini, akaipunguzia mwanga.

"Bandari nzima ya Bizerte umeipika upya," mkewe Sihem alimwambia, akichungulia kompyuta juu ya bega lake. "Umefuta makopo, umefuta mafuta majini, na leo unapandisha paka. Si wewe uliyesema kufuta taka ni usafi, lakini kutia kisichokuwepo ni uongo?"

"Nilisema hivyo kwenye mashindano ya picha."

"Ukamtoa mwenzako kwa sababu ya shakwe mmoja aliyemtia kwenye picha yake."

"Shakwe yule hakuwepo."

"Na hiyo mashua ipo?"

Anwar akamlaza paka juu ya mashua. Zohra, mashua ya marehemu baba yake, ilikuwa imepasukia kwenye mawe ya bandari katika dhoruba ya Januari, na hata ubao haukusalia. Yeye ndiye aliyeachiwa kuitunza. Siku hiyo alikuwa Tunis, amekaa kwenye kiti cha jaji, akibishana juu ya shakwe. Aibu hiyo haikumwacha alale vizuri.

Mama yake, ambaye mashua ilipewa jina lake, alikuwa kitandani ghorofa ya nne, moyo umechoka. Daktari alionya kwamba habari moja mbaya ingetosha kumwondoa. Basi alipouliza, "Zohra yangu haijambo?" Anwar alimletea picha: bandari ya wiki ile, na mashua aliyoikata kwenye picha ya zamani. Mara moja tu, alijiapia.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini ya Anwar ilizidi kurefuka. Mama aliuliza mbona mashua haijapakwa rangi na baridi imekwisha. Anwar akaipaka kwenye kompyuta. Kisha akauliza nyavu ziko wapi. Akatia nyavu. Ijumaa iliyopita akasema, "Ajabu. Paka wote wale bandarini, hata mmoja halali kwenye mashua yetu?"

Adhuhuri Anwar alipanda ngazi, picha kwapani, jasho likimtoka. Kila Ijumaa aliogopa kwamba leo ndiyo leo. Alimkuta mama ameegemea mito, na bakuli la kuskusi ya samaki limefunikwa pembeni likimngoja yeye.

"Umechelewa. Kaa ule."

"Itazame kwanza, mama."

Mama alivaa miwani. Aliitazama ile picha hata Anwar akashindwa kutulia. Alikaa, akasimama, akaenda dirishani, ambako hapakuonekana chochote ila ua na kamba za nguo, akarudi akakaa tena.

"Rangi imekaa vizuri," mama alisema. "Na paka kanona." Akaisogeza picha karibu na pua. "Huyu si Mishmish wenu wa nyumbani? Sikio lake si ndilo hili lililoraruka?"

Anwar alimwangalia mama kifua, kama kinapanda na kushuka sawasawa.

"Paka wanafanana, mama."

"Wanafanana, eh."

Mama alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya shuka. Akafunua bakuli, akamsogezea mwanawe, akaushika mkono wake.

"Kula, mwanangu, kinapoa. Na Ijumaa ijayo mtie na baba yako. Asimame pale kwenye usukani, na lile koti lake la bluu."