Barua ya Kima ya Kuomba Posho

Sogeeni, hii ni fupi. Bibi Kiboko alifungua chuo cha watunga hadithi, akatangaza posho ya mwanafunzi mmoja tu. Kima, aliyechoka kukimbizwa na mbwa kwenye mashamba ya watu, akaandika barua ndefu ya njaa: yatima saba, chungu kikavu, majivu baridi. Aliiandika mashavu yamejaa mahindi. Kobe aliandika mstari mmoja: “Nina njaa, na kuandika bado sijui.”

Kiboko akaisoma barua ya Kima, akalia mpaka maji ya mto yakapanda. Kisha posho akampa Kobe.

“Bibi, si umelia?” Kima akauliza, punje zikimdondoka.

“Nimelia, mjukuu wangu. Anayeniliza kwa njaa asiyokuwa nayo, chuoni anafuata nini?”

Kima akarudi mashambani. Mbwa walikuwa hawajahama.